MACHO MEKUNDU YA KIJANA: USIMUPIGE, UMUPELEKE KWA MUNGANGA

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba, tuanze na jambo linalotokea katika kambi zetu. Baba anarudi kutoka kazi ya usiku, anamukuta mutoto wake wa miaka 14 mulangoni, anajitayarisha kwenda masomo. Macho ya mutoto ni mekundu, yanatoa machozi, kope zimevimba kidogo. Baba amechoka. Anakumbuka karatasi ya masomo ya mwezi uliopita, ile yenye alama mbaya. Anajumlisha mambo hayo mawili na kupata jibu lake: mutoto anavuta bangi, ao anaonja lutuku pamoja na vijana wa upande ule wa barabara. Mukono unainuka mbele ya ulizo.

Katika nyumba ingine nkambo anasema neno baya zaidi. Anasema macho mekundu ya namna hii si ya bure, kuna kitu usiku. Tunajua neno hilo linaelekea wapi. Watoto wamefukuzwa nyumbani katika miji yetu kwa sababu ya maneno kama hayo.

Sasa tuulize pamoja. Je, mutu amemutazama mutoto huyu wakati anapoamka asubuhi? Je, macho yanamuwasha? Je, anayafikicha mchana na usiku, kwa ngumi, kwa nguvu, mpaka nyama ya jicho inalia? Kama ndiyo, inawezekana hana kosa lolote. Inawezekana kioo cha mbele cha jicho lake kimeanza kubadilika umbo. Ugonjwa huo wanganga wanauita keratokone. Si ugonjwa wa kila nyumba. Lakini unashika hasa vijana, unaanza mara nyingi wakati mwili wa mutoto unageuka kuwa wa mutu muzima, na kama hakuna anayeutambua, unaharibu macho pole pole mpaka mutoto hawezi tena kusoma tablo. Ukitambuliwa mapema, leo kuna namna ya kuusimamisha. Ndiyo sababu tunautolea ukurasa muzima.

Kioo cha mbele

Mwambie mutoto wako atazame mbele, na wewe utazame jicho lake kutoka upande. Mbele ya ile duara nyeusi utaona kitu safi kama maji, chenye mviringo, sawa kioo cha saa ya mukono. Ndicho kornea. Upana wake ni karibu milimetri 11 ao 12, na unene wake katikati ni karibu nusu ya milimetri tu. Haina mishipa ya damu, ndiyo maana mwanga unapita bila kuzuiwa. Wewe unayevaa taa ya kichwa unajua hesabu hiyo: kioo cha taa kikiwa na mukunjo, mwanga unatawanyika na hauoni mawe ya mbele. Kazi ya kukunja mwanga ili picha ikae vizuri ndani ya jicho, kornea inafanya karibu mbili juu ya tatu.

Ndani yake mna nyuzi nyembamba sana, zimepangwa na kufungwa pamoja sawa nyuzi za kamba ya chuma inayoshusha watu shimoni. Katika keratokone nyuzi hizo zinalegea. Kornea inakuwa nyembamba, na kwa sababu maji ya ndani ya jicho yanasukuma wakati wote, sehemu iliyolegea inatokea mbele na kufanya ncha, mara nyingi chini kidogo ya katikati. Mahali pa mviringo wa saa sasa kuna umbo la koni. Munganga mumoja wa Liverpool, John Nottingham, alieleza ugonjwa huu vizuri katika kitabu tangu mwaka 1854. Hatusemi basi juu ya kitu cha jana.

Munganga akitazama kwa mashine yake ya taa, pengine anaona pete nyembamba ya rangi ya kutu kuzunguka ncha hiyo. Nayo ni chuma kweli, chembe ndogo za chuma zilizobaki katika ngozi ya juu ya kornea. Baba mufanyakazi asijilaumu: si chuma alichokileta kutoka karakana, ni kile cha mwili wenyewe.

Wekundu si keratokone

Hapa wazazi wengi wanapotea, na hata wauzaji wa dawa wanapotea, kwa hiyo soma pole pole. Keratokone yenyewe haifanyi jicho kuwa jekundu. Mutoto anaweza kuwa na keratokone miaka mingi na macho meupe kabisa. Jicho likiwa jekundu, tafuta sababu ingine iliyo pembeni yake.

Sababu ya kwanza, ile inayotembea pamoja na keratokone kuliko zote, ni alerji. Mwili unakataa vumbi, moshi, unga wa maua ya majani, manyoya ya wanyama. Macho yote mawili yanawasha, yanatoa machozi, na asubuhi pembeni ya jicho mna uchafu mweupe unaovutika kama uzi. Mutoto hapendi jua. Katika watoto wetu Waafrika, kuna alerji kali inayoshika hasa wavulana, mara nyingi tangu miaka mitano ao kumi: kandokando ya kornea inavimba na kugeuka rangi ya kahawia, na ukigeuza kope ya juu unaona vipele kama changarawe ndogo. Watu wanaona rangi hiyo ya kahawia na kusema mutoto ana macho machafu. Si uchafu, ni alerji iliyokaa muda mrefu. Mara nyingi inapungua yenyewe wakati kijana anapokaribia miaka 20, lakini kazi mbaya itakuwa imefanyika ikiwa amefikicha macho miaka yote hiyo.

Sababu ingine ni mikrobe. Hapo uchafu ni wa manjano ao majani, kope zinashikana asubuhi, mara nyingi jicho moja linaanza na lingine linafuata, kisha mudogo yake naye anashikwa. Sababu ingine tena ni lantiye, tutazifikia. Na sababu ya mwisho, tunaisema bila haya: dawa zenyewe. Jicho lililotiwa matone ya soko, maji ya majani, mukojo, maziwa ya mama ao tumbako ya kutafuna, litakuwa jekundu hata kama mbele halikuwa na kitu.

Kwa hiyo mutoto mwenye keratokone na macho mekundu ana magonjwa mawili yanayosaidiana. Kuwasha kunamufanya afikiche. Kufikicha kunalegeza kornea. Kornea ikilegea, anaona vibaya. Akiona vibaya, anafinya macho na kuyafikicha tena akifikiri ataona vizuri. Ukitunza miwani tu na kuacha kuwasha, unachota maji kwa ndoo iliyotoboka.

Namna ya kutambua nyumbani

Mutoto hasemi "sioni". Hajui wengine wanaona namna gani. Anafikiri dunia iko vile kwa watu wote. Ni wewe utakayeona kwamba anasogea karibu na televizio, kwamba anainamisha kichwa upande mumoja akisoma, kwamba jioni anakosa mupira ambao zamani alikuwa akiukamata. Umuulize habari ya taa za motoka usiku. Mwenye keratokone anaona taa moja kama taa mbili ao tatu, ao inatoa mikia na miale. Muulize tena mwezi: ni mumoja ao ina kivuli pembeni?

Kisha fanya jaribio hili. Chukua kalenda ya ukutani, mutoto asimame metri tatu mbali. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulisukuma, asome namba. Afunike lingine, asome tena. Ugonjwa huu mara nyingi unashika macho yote mawili lakini si kwa nguvu moja, kwa hiyo jicho zuri linamuficha mwenzake miezi na miezi. Wazazi wengi wanashangaa siku hiyo ya kalenda. Kama jicho moja linaona namba mbili mahali pa moja, hapo usingoje.

Alama ingine iko katika sanduku la miwani. Kijana aliyepewa miwani mwaka uliopita, nyuma ya miezi sita haimufai tena, wanamupa ingine, nayo haimufai, na kila mara karatasi inaonyesha namba kubwa zaidi: huyo asipewe miwani ya tatu bila kupimwa umbo la kornea. Kuna mashine inayochora kornea kama ramani ya muchoraji wa mugodi, yenye rangi kwa vilima na mabonde. Si kila hospitali iko nayo. Uliza wazi: "Munganga, mutoto huyu amechorwa ramani ya kornea?" Hakuna munganga muzuri atakayekasirika kwa ulizo hilo. Na ikiwa kampani yako inalipa matunzo ya jamaa, uombe barua ya kutumwa kwa munganga wa macho, mbele ya kutumia franga zako.

Ikionekana kwamba ni keratokone, uwapeleke kaka na dada zake nao wapimwe, hata wasiolalamika. Mara zingine ugonjwa unapita katika jamaa. Watoto waliozaliwa na ugonjwa wa Down nao wanaupata kuliko wengine, na hao hawawezi kila mara kujieleza.

Kufikicha macho: vita vya kwanza

Tungekuwa na nafasi ya mistari mitano tu, tungeandika hii. Kijana mwenye keratokone asifikiche macho. Si kidogo, si polepole, si wakati wa kuamka. Zaidi ya yote si kwa vifundo vya vidole, maana vinasukuma kornea sawa nyundo ndogo.

Ni rahisi kuandika, ni nguvu kufanya. Wewe mwenyewe ujaribu kutojikuna mbu alipokuuma. Ndiyo sababu kumwambia "acha!" mara kumi kwa siku hakufai, kunaleta ugomvi na kijana anakwenda kufikicha nje. Umupe kitu cha kufanya mahali pa kile. Maji yaliyochemshwa na kupoa, yawekwe katika frigo ao katika mutungi wa udongo. Kitambaa safi kiloweshwe humo, kikamuliwe, kiwekwe juu ya kope zilizofungwa dakika tano ao kumi. Baridi inatuliza kuwasha vizuri. Kitambaa hicho ni chake peke yake, kinafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Akirudi kutoka masomo, kitu cha kwanza ni kunawa mikono na uso. Yaya yake ao rafiki anayekaa naye katika kalasi apewe kazi ya kumugusa bega tu akimuona anainua ngumi; wengi hawajui hata kwamba wanafikicha. Usiku, asilale akikandamiza uso juu ya mukono ao mutoni.

Kisha tazama nyumba yenyewe. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, kiangazi kikikauka, vumbi letu jekundu linaingia mpaka katika sahani ya bukari. Nyunyiza maji mbele ya kufagia. Mbabula iwake nje, si ndani, na kijana huyu asiwe ndiye mupulizaji wa moto. Baba, nguo zako za kazi zibaki kazini kama kuna pa kuziacha. Kama hapana, zivuliwe mulangoni na zisifuliwe pamoja na mashuka ya watoto. Kofia yenye ukingo na miwani ya jua zinamusaidia barabarani. Wenzake wakimucheka kwamba anajifanya muimbaji, acha wamucheke.

Matone gani?

Kwa alerji, munganga ana matone yanayozuia kuwasha. Mengine, kama kromoglikate, hayazimi moto wa leo, yanazuia ule wa kesho. Yanatiwa kila siku, majuma na majuma, hata siku jicho halisumbui. Wengi wanayaacha nyuma ya siku tatu wakisema hayana nguvu. Mengine, kama ketotifen ao olopatadine, yanatuliza upesi zaidi. Machozi ya kutengenezwa yanaosha vumbi na hayana hatari, zaidi yale yasiyo na dawa ya kuyahifadhi.

Sasa fungua macho, maana hapa kuna hatari. Sokoni na katika maduka madogo ya dawa wanauza matone ya kortizone: tafuta katika karatasi neno deksametazone ao prednisolone. Yanafanya ajabu. Mutoto anatiwa jioni, asubuhi macho ni meupe, hayawashi tena, na mama anamushukuru muuzaji. Anarudi kununua mwezi wa pili, na wa tatu. Wakati huo, bila uchungu wowote, nguvu ya maji ndani ya jicho inapanda na kuua mushipa wa kuona: ni glokoma, na kinachopotea hapo hakirudi. Ama lenzi ya ndani inageuka nyeupe, ule ugonjwa unaoitwa mutoto wa jicho, katika mutu asiyefika bado miaka 20. Na kama wekundu ulitoka kwa mikrobe fulani, kortizone inaifungulia mulango. Hatusemi kwamba dawa hiyo ni sumu. Munganga wa macho anaiandika kwa alerji kali, kwa siku chache zilizohesabiwa, na anapima nguvu ya jicho. Kosa ni kuinunua mwenyewe na kuendelea. Ukiwa na chupa hiyo nyumbani na mutoto ameitumia muda mrefu, usiikate kwa woga na kunyamaza. Uipeleke chupa yenyewe kwa munganga aione.

Yale matone mengine ya "kusafisha macho" yanayobana mishipa ya damu, yanafanya jicho jeupe kwa masaa machache, kisha wekundu unarudi na nguvu zaidi. Ni kupaka rangi juu ya kutu.

Namna ya kutia: mikono inawe, mutoto akae kichwa nyuma, vuta kope ya chini, tone moja ndani ya kifuko hicho, ncha ya chupa isiguse kitu. Afunge macho bila kuyafinya, akandamize kwa kidole kona ya karibu na pua dakika moja ao mbili. Kama kuna dawa ya pili, ngoja dakika tano. Andika juu ya chupa siku uliyoifungua. Nyuma ya mwezi mumoja itupe, ingawa imebaki nusu. Roho inauma, tunajua bei.

Miwani na lantiye

Mwanzoni miwani ya kawaida inatosha. Kornea ikizidi kuwa na ncha, miwani inashindwa, kwa sababu mwanga unaingia kwa njia nyingi zisizolingana na kioo kimoja hakiwezi kuzipanga zote. Hapo inakuja lantiye ngumu, kioo kidogo cha plastiki kinachokaa juu ya jicho lenyewe. Machozi yanajaza nafasi kati ya lantiye na kornea, na mwanga unapata tena uso laini wa kupitia. Wazo hilo ni la zamani: mwaka 1888, Mufaransa Eugène Kalt alijaribu kuweka lantiye za kioo kweli juu ya macho ya wagonjwa wa keratokone. Zilikuwa nzito na zenye kuumiza. Za leo zinapitisha hewa, na kuna kubwa zaidi zinazokaa juu ya sehemu nyeupe ya jicho bila kugusa ile ncha.

Kijana aliyekuwa na alama mbaya anaweza kuvaa lantiye na kusoma mustari wa chini siku ileile. Lakini lantiye si dawa. Haisimamishi ugonjwa, na katika kambi yenye vumbi inahitaji adabu kubwa. Mikono inawe kwa sabuni na kukauka mbele ya kuigusa. Isioshwe kwa maji ya bomba, ya kisima, wala kwa mate; katika maji mna kadudu kadogo, akantameba, kanakokula kornea na matunzo yake yanachukua miezi. Itumiwe dawa yake ya kuoshea tu. Kijana asilale nayo, asiogelee nayo mutoni. Kasha lake likaushwe kila siku na libadilishwe karibu kila miezi mitatu. Uhesabu gharama hizo mbele ya kununua, maana lantiye bila dawa ya kuosha ni mbaya kuliko kukosa lantiye. Na siku jicho ni jekundu, linauma ao linakimbia mwanga: ondoa lantiye kwanza, ndipo uulize maulizo mengine. Asiirudishe mpaka munganga atazame.

Kusimamisha ugonjwa

Mwaka 2003, wanganga wa Dresden katika Ujerumani, Gregor Wollensak, Eberhard Spoerl na Theo Seiler, waliandika matokeo ya kazi yao ya miaka mingi. Wanaondoa ngozi nyembamba ya juu ya kornea, wanatia matone ya vitamini B2 nusu saa, kisha wanamulika jicho kwa mwanga wa ultraviolet wenye nguvu iliyopimwa, nusu saa ingine. Nyuzi zilizolegea zinafungana tena. Marekani waliruhusu kazi hiyo mwaka 2016. Leo kuna namna fupi zaidi, na katika Afrika inafanywa kwa mufano katika Afrika ya Kusini na Nairobi. Uulize munganga wako wapi ni karibu na wapi ni bei gani. Safari hiyo haipatikani kwa kila mufuko, na ni vizuri kujua mapema ili jamaa ijipange.

Ujue kazi hiyo inatoa nini na haitoi nini. Inasimamisha. Haimurudishii kijana macho ya zamani. Nyuma yake atavaa bado miwani ao lantiye. Ndiyo sababu saa ina maana. Katika watoto ugonjwa unakimbia kuliko katika watu wazima, na kwa namna ya kawaida kornea sherti iwe bado na unene wa karibu micron 400. Ikishakuwa nyembamba zaidi, mulango unakuwa mudogo. Mutoto wa miaka 14 apimwe kila miezi mitatu mpaka sita, si "tutaona mwaka kesho". Mbele ya kumulikwa, alerji inatulizwa kwanza. Siku chache za nyuma zinauma, jicho linalia na kuogopa mwanga, na wakati huo vumbi na kufikicha ni marufuku kabisa, kwa sababu ngozi ya kulichunga jicho haijarudi.

Usidanganywe na anayesema: vitamini B2 na mwanga, basi mutoto ale vidonge na kutazama jua. Vidonge havifiki pale, na jua litaunguza ndani ya jicho. Mupe lengalenga, mayai na samaki kwa sababu ni chakula kizuri, si kwa sababu vitanyoosha kornea.

Wachache, ugonjwa ukifika mbali sana na kornea ikapata kovu, wanahitaji kubadilishiwa kornea kwa ile ya mutu aliyekufa. Kazi ya kwanza iliyofaulu ilifanywa na Eduard Zirm tarehe 7 mwezi wa 12, mwaka 1905, katika muji wa Olomouc, kwa mufanyakazi ambaye chokaa ilikuwa imemuchoma macho. Mulio katika kazi za chokaa na asidi, musisome sentensi hiyo upesi.

Masomoni, na siku ya hatari

Mama ao baba aende mwenyewe kumuona mwalimu. Kijana akae kalasi ya mbele, mbali na dirisha lenye jua kali, aruhusiwe kukaribia tablo na kuandika nyuma ya wengine, asihesabiwe mvivu. Umwambie mwalimu pia habari ya wekundu, kwa sababu mwalimu naye ana mawazo yaleyale ya bangi. Kwa kijana mwenyewe, sema kweli: keratokone haiui, na kwa kawaida haimutii mutu katika giza kamili. Akiota kazi ya shimoni kama babake, munganga wa kazi atapima macho yake siku hiyo. Lantiye katika vumbi na asidi ni jambo la kuzungumza mapema, na kuna kazi nyingi za karakana, za ofisi na za laboratware ambazo atafanya vizuri.

Kuna jambo moja la kuweka akilini na mutu yeyote aliye nyumbani, hata mudogo wa miaka kumi. Mara zingine, bila onyo, ngozi ya ndani ya kornea iliyonyooka sana inapasuka na maji yanaingia. Kwa masaa machache jicho linauma, linalia, linageuka jekundu, na mbele ya mboni panakuwa peupe kama maziwa. Kijana haoni tena kwa jicho hilo. Wazazi wanafikiri jicho limekufa, ao limelogwa. Halijafa. Wanganga wanajua kulitunza, na kwa majuma na miezi linapungua, ingawa linaweza kuacha kovu. Siku hiyo usitie chochote, usifunge jicho kwa kitambaa kinachokaza, mutoto asilifikiche. Ondoa lantiye kama iko. Kama jicho linatoa usaha, ao kitu kimeliingia, ao kuna doa jeupe juu ya kornea ya mwenye kuvaa lantiye, fanya vilevile. Twaa chupa zote za matone alizotumia, ziweke katika mufuko, na muende hospitali usiku uleule. Usingoje Jumatatu, na usingoje baba amalize zamu.